Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

IJUMAA, SAA 10:20 JIONI. BUNDA.

Chumba cha nyuma kilinuka rangi mbichi. Mlango ulikuwa na komeo, dirisha limezibwa kwa gunia, na juu ya meza ya fundi, Burito alikuwa ametandaza karatasi moja tu. Ramani ya ofisi. Chumba, mlango wa mbao, geti la nondo, veranda.

"Safari hii hatuchukui kitu," alisema. "Hata kalamu. Tunaingia, tunafuta, tunatoka."

Gati alicheka kwa pua. Alikuwa mtu wa mapanga na mitumbwi, mzaliwa wa Butiama, na wizi wa kutoka mikono mitupu aliuona utani wa walevi.

"Tunafuta nini, mzee? Vumbi?"

"Namba."

Nyuma yao, chini ya turubai, zilikuwa zimepangwa mashine za boti thelathini na moja, zimepakwa rangi upya zikawa kama zimeshuka melini jana. Enzi za vibali, mtu akikutwa na mashine mbili stoo angeitwa mhujumu na kulala ndani. Lakini huu ulikuwa mwaka tisini na saba, biashara huria. Ukiwa na duka na leseni ukutani, hakuna aliyekuuliza mali umeitoa wapi. Hakuna, isipokuwa kompyuta moja pale Musoma.

Mradi mmoja wa uvuvi ulikuwa umeandikisha kila mashine ya boti kuanzia Musoma mpaka fukwe za Bunda. Mistari elfu mbili mia moja arobaini na sita. Kila mstari una namba ya mashine, jina la mwenyewe, kijiji, na maelezo: ipo, imeuzwa, imeibwa. Daftari la zamani lililiwa na mchwa, mabaki yakachomwa moto, kwa hiyo orodha ilibaki kwenye kompyuta na kwenye disketi moja ndani ya droo. Jumatatu polisi na wakaguzi wangeichapa na kuanza kupita duka kwa duka, wakigeuza kila mashine kusoma namba yake.

"Si tukwangue tu hizo namba?" aliuliza Gati.

"Namba iliyokwanguliwa ni sawa na kukiri."

"Basi tuichome hiyo kompyuta."

"Uichome, waandikishe upya? Kila mtu aje na risiti yake?" Burito alitikisa kichwa. Alikuwa mtunza bohari wa ushirika kwa miaka kumi na minne, mpaka ushirika ulipokufa, na bado alitembea na kalamu nyekundu mfukoni. "Mimi nataka orodha ibaki nzima. Ipungue thelathini na moja tu. Kwenye elfu mbili, nani atajua? Ndiyo kazi ya huyu."

Akamwelekezea Kasmiri kidevu.

Kasmiri alikuwa karani wa mahudhurio kiwandani, kiwanda cha nguo, kabla hakijafungwa na kuwamwaga nje kama maji ya kufulia. Masista wa Nyegina walimfundisha kompyuta kwa miezi mitatu, akapata cheti, na cheti kikakaa sandukuni mwaka mzima bila mtu wa kukisoma. Burito alikisoma. Akamwahidi kazi ya ukarani kwenye kiwanda kipya cha samaki, kwa neno lake tu. Kasmiri alikubali siku ileile, tena kwa furaha, na hilo halifichiki.

Mtu wa nne alikaa kwenye kreti karibu na mlango, mkoba juu ya magoti. Dorotea, mpiga chapa wa ofisi ile. Mistari yote elfu mbili na ushee aliiandika yeye, kwa vidole vyake.

"Nafungua saa moja na dakika hamsini Jumapili," alisema. "Mlinzi yuko kwaya, harudi kabla ya saa nne na nusu. Mkishaingia nafunga geti kwa nje na kufuli langu. Mtu akipita aone kufuli. Naenda misa, watu wanione. Saa nne kasoro nakuja kuwafungulia."

"Tufungiwe?" Gati alisimama. "Kama kuku?"

"Kama hutaki, acha."

"Kaa chini, Gati," alisema Burito.

Dorotea hakuwa amemaliza. "Kufuta sifuti mimi. Mkono wangu siutii humo. Na mlinihakikishia, mzee. Hizi mashine ziliibwa ufukweni zimelala. Hakuna mtu aliyeumia."

"Hakuna, dada. Tangu lini mimi nikawa mtu wa damu?"

Gati aliangalia kucha zake.

JUMAMOSI, SAA 9:00 ALASIRI. KAMUNYONGE.

Euphrasia alifika kwa Kasmiri kwa miguu kutoka Nyegina na dagaa kwenye kikapu. Alikuwa dada mkubwa wa Kasmiri, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, na siku hizi alikuwa amekonda mpaka shingo ilionekana ndefu.

Mumewe, Masatu, alitoka na boti miezi kumi na moja iliyopita. Boti iliokotwa tupu. Masatu hakuonekana, na mashine haikuonekana. Wakwe wakasema ameiuza na kukimbilia ng'ambo kwa mwanamke. Msiba hawakuuweka. Mtu aliyekimbia haliliwi, walisema. Euphrasia akabaki katikati, mke si mke, mjane si mjane. Hata kanisani hakujua akae benchi gani.

"Wananiambia niondoke pale nyumbani kabla ya mvua," alisema. "Eti mwanangu wa kiume ataota tabia za baba yake."

"Shemeji hakuwa mwizi, dada."

"Najua. Mimi nataka mtu mwingine aseme. Mtu mmoja tu aseme amekufa, nimlie." Akamwangalia. "Na wewe? Ile kazi?"

"Jumatatu," alisema Kasmiri. "Jumatatu nitakuwa nayo."

JUMAPILI, SAA 1:50 ASUBUHI. MUSOMA.

Kufuli lililia nje. Viatu vya Dorotea vikaondoka verandani, taratibu, viatu vya mtu anayekwenda kusali. Burito akarudishia mlango wa mbao.

Chumba kilikuwa hatua tano kwa nne. Madirisha ya nondo, mapazia mazito. Joto la asubuhi lilikuwa limeshaingia, na hapakuwa na pa kulitolea. Gati aliweka bastola juu ya kabati la mafaili, akaketi sakafuni kuegemea ukuta.

"Washa," alisema Burito.

Kasmiri aliwasha. Kompyuta ilichukua muda wake, ikanguruma, ikafunguka. Jedwali likajaa skrini, mistari juu ya mistari, na kando kushoto namba za mistari zikishuka moja, mbili, tatu mpaka usione mwisho.

Burito alifungua kijitabu chake. Namba thelathini na moja za mashine, kwa mwandiko wa bohari, kila moja na kisanduku chake cha tiki.

"Tunafanyaje?"

"Wewe unanisomea namba, mzee. Mimi naitafuta. Nikiipata naiwekea X kwenye safu tupu, huku mwisho. Zikishatimia, nachuja zenye X peke yake, nazifuta zote kwa mara moja."

"Anza."

SAA 2:35.

Namba ya kumi na tisa. Burito alisoma, Kasmiri aliandika, kompyuta ikaruka mpaka mstari wa mia nne na kumi na mbili.

Kasmiri alisoma jina, kisha akalisoma tena.

Euphrasia Masatu. Nyegina. Imepotea ziwani, mwendeshaji hajaonekana.

Mashine ilitoka kwenye kikundi cha akina mama, ndiyo maana iliandikwa jina la mke. Kasmiri alikuwepo siku inaletwa. Alikula ubwabwa wa sherehe yake. Sasa mashine ile ilikuwa Bunda, chini ya turubai, na juzi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake akifikiria kazi ya ukarani.

"Umeipata?" aliuliza Burito.

"Nimeipata."

"X."

Aliweka X. Na umeme ukakatika.

Skrini ilizima kwa mlio mdogo. Chumba kikawa cha kijivu. Mbali, kengele ya kanisa.

"Mgao," alisema Gati. "Siku zote wanakataga hivihivi."

"Kazi imepotea?" Sauti ya Burito ilikuwa kavu.

"Orodha ipo. X ndizo zimekwenda, sikuwa nimehifadhi. Umeme ukirudi tunaanza upya."

Burito alitukana kwa Kiswahili cha bohari, kwa utaratibu, bila kurudia tusi. Kisha wakakaa. Hapakuwa na pa kwenda. Kufuli lilikuwa nje, ufunguo kanisani.

Kasmiri alijua haifai kuuliza. Akauliza.

"Hizi mashine mnazitoagaje? Maana wavuvi siku hizi wanazifunga minyororo."

"Mnyororo nini," alisema Gati, amefurahi kupata mazungumzo. "Kuna mmoja huko Nyegina, mwaka jana. Yeye alijifunga kamba kiunoni, kamba hiyohiyo kwenye mashine. Eti ukiibeba, unambeba na yeye. Nilimchekaga sana."

Nyegina yote ilimcheka. Kasmiri mwenyewe alimcheka, wakila samaki pamoja, na Masatu akajibu kwamba mwenye kucheka acheke.

"Mkafanyaje?"

"Nilimwambia fungua. Hakutaka. Ana maneno, anatuuliza majina ya baba zetu. Nikaona..."

"Gati," alisema Burito.

"Mzee, huyu si mwenzetu? Nikaona tunachelewa. Panga moja, kamba moja. Yeye kule majini, mashine huku."

"Wangapi kama huyo?" Kasmiri aliisikia sauti yake, nyepesi, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Wanne. Si wengi."

Burito alikuwa akimwangalia Kasmiri gizani.

"Tukitoka hapa tunakupeleka Butiama," alisema. "Nina shamba karibu na Mwitongo. Utakaa huko mpaka ukaguzi upite. Gati atakusindikiza."

"Asante, mzee."

Kasmiri hakuwa mtoto. Aliyesikia habari ile hapelekwi shamba akapumzike. Aliogopa. Lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine kizito zaidi. Mstari ule ulikuwa neno pekee duniani lililosema Masatu alipotea pamoja na mashine yake, hakuiuza. Yeye ndiye aliyeletwa kuufuta.

SAA 2:58.

Umeme ulirudi. Burito akaanza tena namba ya kwanza.

Mara hii Kasmiri alisoma kila jina kabla ya kuweka X. Wanne walikuwa na maelezo yaleyale, mwendeshaji hajaonekana. Ilipofika ya kumi na tisa, aliweka X ya dada yake mkono ukiwa umetulia. Alishajua atakachofanya.

Sista aliyewafundisha alikuwa na mfano mmoja aliourudia mpaka wanafunzi wakachoka. Ukichuja chai, majani hayapotei, yanabaki kwenye chujio. Kompyuta nayo hivyohivyo. Kuchuja ni kuficha. Kufuta ni kutupa. Msichanganye, alisema, mtakuja kulia.

Kasmiri alikusudia kuchanganya.

SAA 3:34.

"Thelathini na moja," alisema Burito. "Nionyeshe."

Kasmiri alichuja zenye X. Jedwali likanywea, ikabaki mistari thelathini na moja tu kwenye skrini. Burito alivuta kiti. Alimtaka asome kwa sauti, namba na mwenyewe, na kwa kila mmoja akaweka tiki nyekundu kijitabuni. Hakuwahi kuamini kitu bila tiki.

"...Euphrasia Masatu, Nyegina."

Tiki.

"Huyo sijui nani," alisema Gati. "Hatujawahi kumwibia mwanamke."

"Endelea," alisema Burito.

Walimaliza. Burito akafunga kalamu.

"Futa."

Sasa. Kasmiri alishika mausi. Angechagua mistari ile na kubonyeza mara mbili, Masatu angekuwa mwizi milele. Badala yake alifungua kichujio na kuchagua zisizo na X. Jedwali likapanuka ghafla, likajaa tena mpaka chini. Zile thelathini na moja hazikuonekana popote.

Kisha akahifadhi. Akatia disketi ya kwenye droo, akahifadhi na humo.

"Tayari."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mzee."

Burito hakusimama. Alisogeza uso karibu na skrini, macho ya mtu aliyehesabu magunia miaka kumi na minne, na kidole chake kikashuka kwenye ukingo wa kushoto, kwenye zile namba za mistari. Kikasimama.

"Mbona inaruka?"

Kasmiri aliondoa mkono kwenye mausi.

"Mia nne kumi na moja," alisoma Burito. "Halafu mia nne kumi na tatu. Kumi na mbili iko wapi?"

Mistari ikifutwa kweli, kompyuta huziba pengo na kujihesabu upya. Namba zikiruka, maana yake kuna kilichofichwa. Mwanafunzi wa wiki ya pili angelijua hilo. Gati alikuwa amenyanyuka, mkono uko juu ya kabati.

"Mzee, wewe ulikuwa bohari," alisema Kasmiri. "Kadi za stoo zina namba, sivyo? Ukichomoa kadi ya kumi na mbili, utaona nini?"

Burito alifikiri. "Kumi na moja, kumi na tatu."

"Basi. Ingekuwa hazirukiruki, ndiyo ungenishika shati. Ungejua kadi bado ipo."

Kisha uso wa Burito ulilegea, ukafunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akapitisha kidole chini kwenye jedwali zima, akitafuta mapengo, na kila alipokuta pengo alihesabu. Alihesabu thelathini na moja. Akampiga Kasmiri begani.

"Kazi safi. Bohari ni bohari tu, hata ikiwa ya umeme."

SAA 3:56.

Viatu verandani. Burito akafungua mlango wa mbao. Dorotea alikuwa nje ya geti la nondo, kitambaa cha kanisani kichwani, ufunguo mkononi.

"Fungua, dada. Tumemaliza."

Hakufungua. "Kwanza nione. Kesho nitaulizwa mimi, si nyinyi. Geuzeni hiyo skrini."

"Ona na uharakishe."

Gati aliigeuza skrini kuelekea getini. Dorotea alisogea mpaka paji la uso likagusa nondo.

Kasmiri alikuwa amesahau kwamba huyu mwanamke alikaa mbele ya jedwali lile siku sita kwa wiki. Namba za kushoto zilikuwa za buluu. Zikichujwa huwa za buluu, zikiwa huru huwa nyeusi. Burito alikuwa ameona mapengo. Rangi hakuiuliza.

Dorotea aliiona rangi. Kasmiri alimwona akiiona. Macho yake yalipanda kutoka kwenye skrini yakatua usoni kwa Kasmiri, na yakakaa hapo.

"Imekwisha?" alimwuliza.

"Kama unavyoona, dada." Kasmiri alielekeza kidole kwenye skrini. "Tumetoa thelathini na moja. Hata ule wa mia nne kumi na mbili uliouandika mwenyewe. Wa yule mama wa Nyegina."

"Yule aliyelia mezani kwangu," alisema Dorotea polepole. "Mume hajaonekana."

"Huyo. Na wengine watatu kama huyo."

"Maneno ya nini?" Burito aligeuka. "Fungua."

Dorotea alisimama na ufunguo. Hesabu yake haikuwa ngumu. Akifungua, watu hawa wataondoka, na kesho mkaguzi ataondoa kichujio, mistari itarudi yote na X zake, na mwenye ufunguo wa ofisi ni yeye peke yake. Akisema zimefichwa, zitafutwa kweli mbele ya macho yake, na wanaume wanne watakuwa wamekufa mara ya pili akiwa anatazama. Aliwaangalia wale watatu nyuma ya nondo, mmoja baada ya mwingine. Kwa Kasmiri alichelewa kidogo.

"Ulisema hakuna aliyeumia, mzee," alisema.

Akautumbukiza ufunguo kwenye mkoba, akaufunga mkoba, akashuka ngazi za veranda.

"Dada! Dorotea! We mama!"

Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyetoka misa, kuelekea kituo cha polisi.

SAA 4:03.

Gati alipiga geti kwa bega. Mara tatu. Geti halikucheza. Akapitisha mkono katikati ya nondo, bastola imepinda kuelekea kufuli.

"Usipige!" alifoka Burito. "Watu wanatoka kanisani!"

Alipiga. Risasi iligonga kufuli, kufuli likabaki palepale, na kipande cha chuma kikarudi ndani na kumwingia Gati kwenye paja. Alianguka chini akiuma mkono wa shati lake. Nje, mtu alipiga yowe. Kisha wengi.

Burito aliketi kwenye kiti. Kasmiri alidhani atamwona akipagawa, lakini mzee alitoa kijitabu chake, akachana ukurasa wa namba, akautafuna na kuumeza bila haraka.

"Sikilizeni," alisema. "Tumevunja ofisi, tumekosa cha kuiba. Miezi sita. Huyo mwanamke atasema ya kwake, sisi ya kwetu. Watatafuta namba kwenye kompyuta, hazipo. Mashine zangu ni za dukani. Hawana kitu."

Damu ya Gati ilikuwa ikitambaa kuelekea miguu ya meza. Kasmiri alisogeza viatu vyake. Alikuwa amefungiwa na watu wawili waliomuua shemeji yake, na watu hao walikuwa wametulia kwa sababu yake.

Angeweza bado kufuta. Kubonyeza mara mbili, halafu miezi sita, halafu pengine kazi ya samaki, maana Burito hakuwa mtu wa kusahau. Mausi ilikuwa karibu na mkono wake. Alikunja mikono kifuani, akasubiri.

SAA 4:21.

Inspekta aliingia na askari sita. Dorotea alikuwa nyuma yao. Bastola ilichukuliwa, mikono ikatiwa pingu, ya Kasmiri pia, ikabanwa kuliko ya wengine kwa kuwa alikuwa karibu na kompyuta.

"Tumekosea, afande," alisema Burito kwa unyenyekevu. "Tulidhani kuna redio humu. Tazama, hakuna kilichopotea."

Inspekta alimwangalia Dorotea. Dorotea alikaa kwenye kiti chake. Hakuvua hata kitambaa. Aliondoa kichujio.

Mistari ilirudi. Mapengo yalijaa mbele ya macho ya Burito, moja baada ya jingine, na pembeni ya kila mstari uliorudi palikuwa na X. Thelathini na moja. Zilezile, kamili, zimewekewa alama kwa agizo lake mwenyewe.

Burito alisoma mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Kasmiri, na haikuwa hasira iliyokuwa usoni mwake. Alikuwa ameumia, kama bwana stoo aliyeibiwa na msaidizi wake.

"Kadi za stoo," alisema.

Kasmiri alimpa mgongo. Alimwambia inspekta kwamba mashine zenye X ziko Bunda, chumba cha nyuma, chini ya turubai. Alimwambia kwamba mashine ya mstari wa mia nne na kumi na mbili ilikuwa ya Masatu wa Nyegina, aliyejifunga nayo kwa kamba, na kwamba aliyekata kamba ni yule anayevuja damu pale chini. Alisema kwa sauti kubwa, ili mtu mwingine awe ameisikia.

"Na wewe umejuaje?" aliuliza inspekta.

"Nilikuwa nao."

JUMANNE, SAA 5:00 ASUBUHI. RUMANDE, MUSOMA.

Euphrasia alikuja amevaa nyeusi. Askari alimpa dakika tano. Hakuleta chakula. Alisimama upande wake wa wavu, Kasmiri upande wake.

"Wamekuja," alisema. "Wakwe, jirani, hata padre. Wameweka msiba tangu jana. Baba mkwe amelia mbele ya watu, ameniomba msamaha."

"Nashukuru, dada."

"Nami nimelia. Nimelia mpaka nimelala." Alikuwa ametulia. Shingo ilikuwa bado ndefu, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Wanasema wewe ndiye uliyeokoa jina lake. Wanasema pia ulikwenda na wale watu kwa hiari yako, ukawekewa kiti, ukala kwao."

"Sikujua, dada. Naapa. Sikujua kama ni wao."

"Ulijua ni mashine za watu."

Kasmiri alishika wavu.

"Ulijua kila mashine ina mtu wake, Kasmiri. Ulikuwa unaomba tu asiwe mtu wako."

Askari alikohoa mlangoni. Euphrasia alivuta kanga yake nyeusi begani, akaikaza.

"Matanga tunaanua Ijumaa," alisema. "Wakikuachia, usije."

Akaondoka. Kasmiri alibaki ameshika wavu mpaka askari alipokuja kumrudisha ndani.